Umbo la chakula: unga na peleti kwa kuku wa nyama

Mfugaji wa Masasi akilinganisha mifuko miwili ya chakula, huuliza bei, pengine na kiasi cha protini. Umbo haliulizwi sana. Lakini mahindi, pumba, mashudu na dagaa walewale, kwa vipimo vilevile, vikibaki unga havimkuzi kuku sawa na vikigandamizwa kuwa peleti.

Peleti ni unga uliopigwa mvuke, joto likiwa karibu nyuzi 80, ukasukumwa kwenye matundu ya chuma na kupozwa. Ikivunjwavunjwa tunapata chenga, za vifaranga wenye midomo midogo.

Sababu kubwa ni kwamba kuku huchagua. Mpe unga, atadonoa vipande vya mahindi na kuacha vumbi, na vitamini nyingi zimo kwenye vumbi hilo. Kwenye peleti, kila anachodonoa kina mchanganyiko wote. Tena hushiba upesi na kwenda kulala, kwa hiyo nguvu ambayo angeitumia kudonoa kutwa hugeuka nyama. Tatizo ni pale kasi ya kukua inapozidi: moyo na mapafu huelemewa, tumbo hujaa maji, na kuku mnene uliyemwacha mzima asubuhi unamkuta jioni kalala chali. Unga wa chembe kubwakubwa, hata ukidharauliwa, hukomaza firigisi.

Huku pwani, Mikindani au Lindi mjini, kuna na unyevu. Mfuko wa peleti ulioachwa wazi sakafuni humumunyuka ukarudi unga, au huota ukungu, na hapo sumukuvu haiko mbali.

Wengine huongezea mabaki ya maziwa, yaani yale maji ya manjano hafifu yanayobaki jibini ikishatolewa. Protini yake ina laisini nyingi, yaani mojawapo ya viini vinavyojenga protini, kitu ambacho mashudu ya ufuta wetu yanacho kidogo. Sukari yake, laktosi, kuku haimeng'enyi vizuri; hufika mwisho wa utumbo, bakteria wakaichachusha kuwa asidi inayowawia vigumu wadudu kama salmonela. Yakizidi, kuku huharisha, maranda hulowa, banda likanuka mkojo na nyayo zikaungua.

Kwetu ng'ombe wa maziwa ni wachache, na zaidi ya asilimia 90 ya mabaki hayo ni maji matupu. Sioni faida ya kulipia nauli ya ndoo kutoka mbali. Mwenye jirani anayetengeneza jibini ajaribu kidogo, siku hiyohiyo, na maji safi yawe pembeni.