Je, wajua kwa nini somo la kuzuia kujiua hufundishwa wanafunzi wenyewe, si walimu peke yao?

Mwanafunzi wa miaka 14 anapewa kikaratasi mbele ya darasa, anakisoma kwa sauti: "Ni saa tano usiku. Rafiki yako amekuandikia: Nimechoka na kila kitu, bora nisingekuwepo. Tafadhali usimwambie mtu." Wenzake wanacheka kidogo, kicheko cha woga, kisha darasa zima linanyamaza. Mwalimu anamuuliza: "Utamjibu nini?"

Wazazi wengi wakisikia zoezi kama hili hushtuka. Mbona mzigo mzito hivi anabebeshwa mtoto? Si kazi ya walimu na wataalamu hii?

Jibu limo kwenye kikaratasi chenyewe. Ujumbe ule haukutumwa kwa mwalimu, wala kwa mama. Kijana anayewaza kujiua huwaficha watu wazima kwa ustadi mkubwa: anaogopa kukaripiwa, kuhukumiwa, au kuwavunja moyo. Akisema, mara nyingi humwambia mwenzake, tena kwa masharti ya siri. Kwa hiyo mzigo tayari uko mikononi mwa watoto, tupende tusipende. Somo linawaonyesha tu mahali pa kuutua.

Hili limepimwa. Utafiti mmoja mkubwa wa Ulaya, ulioongozwa na watafiti wa Karolinska Institutet, chuo kikuu cha udaktari cha Sweden, na kuchapishwa mwaka 2015, ulishirikisha wanafunzi 11,110 katika shule 168 za nchi 10. Shule ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi la kwanza, walimu walifundishwa kutambua dalili za hatari. La pili, wanafunzi walijaza dodoso na walioonekana kuwa hatarini wakaitwa kuonana na wataalamu. La tatu, wanafunzi wenyewe walifundishwa kwa takriban saa 5 ndani ya wiki 4, sehemu kubwa ikiwa maigizo na mazungumzo, kila mmoja akipewa kijitabu cha kwenda nacho nyumbani. La nne walibandikiwa mabango tu.

Baada ya miezi 3 hakukuwa na tofauti ya maana. Baada ya miezi 12 ikaonekana. Katika shule za mabango, asilimia 1.51 ya wanafunzi walikuwa wamejaribu kujiua katika kipindi hicho. Katika shule ambazo wanafunzi wenyewe walifundishwa, asilimia 0.70. Mbinu zile mbili nyingine hazikuleta tofauti ya uhakika. Sisomi matokeo haya kama sababu ya kuacha kuwafundisha walimu, maana mtoto akivunja siri lazima amkute mtu anayejua la kufanya. Lakini yanaonyesha chemchemi ilipo.

Na ile hofu kwamba kulitaja jambo ni kumtia kijana wazo kichwani? Nayo imechunguzwa. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za jimbo la New York, Marekani, kwa wanafunzi zaidi ya 2,000. Baadhi waliulizwa maswali ya waziwazi kuhusu kujiua, wengine hawakuulizwa. Walioulizwa hawakupata dhiki zaidi wala mawazo zaidi ya kujiua. Wale waliokuwa na sonona, au waliowahi kujaribu kujiua, walionekana hata kupata nafuu kidogo. Aliyefungiwa na wazo peke yake, swali la upole humfungulia mlango.

Hata hivyo, namna ya kufundisha ina uzito. Njia ambayo mtu ametumia kujiua haielezwi. Kifo hakisimuliwi kama ushujaa wala kama jibu la tatizo moja, la mtihani au la mapenzi, kwa sababu sababu huwa nyingi zilizosukana. Hotuba moja ya kutisha kwenye paredi haitoshi, na inaweza kudhuru. Wadogo wa miaka 11 au 12 huanzia kwenye kuzipa hisia majina na kumtaja mtu mzima wanayemwamini. Wakubwa hujifunza dalili, kama kujitenga ghafla, kugawa vitu anavyovipenda, au kuongea kana kwamba anaaga. Shule isianze somo hili kabla ya kumweka mshauri aliye tayari siku hiyohiyo, maana mara nyingi kuna mtoto atakayebaki nyuma wenzake wakitoka, akijifanya anatafuta kalamu.

Kama wewe unayesoma ndiwe mwenye mawazo hayo, mwambie mtu leo, kwa maneno ya wazi: "Ninafikiria kujiua, nahitaji msaada." Wa kwanza asipokuelewa, mwambie wa pili. Ukiona hatari iko karibu, nenda hospitali au piga simu ya dharura.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile siri. Kwa kijana, kutoboa siri ya rafiki ni usaliti, na somo zuri halimdharau kwa kuhisi hivyo. Linampa maneno ya kusema: "Siwezi kuahidi kunyamaza, kwa sababu nataka uwe hai." Maneno haya hayaji usiku wa manane kama hayajawahi kutamkwa mchana. Ndiyo maana ya maigizo.

Yule wa kikaratasi alijibu kwanza: "Acha mawazo hayo, kila mtu ana shida zake." Mwalimu hakumkemea, alimwomba ajiweke upande wa pili wa simu. Akajaribu tena: "Unafikiria kujiua? Niambie tu. Kesho tutaenda pamoja kwa mshauri." "Na usiku huu?" mwalimu akauliza. Mtoto akatazama kikaratasi kwa muda. "Nampigia," akasema. "Namwambia asikate simu, halafu namwamsha mama."