Dimoni wa VPN: maana ya kuendesha VPN kama huduma ya mfumo

Ukiwasha VPN (muunganisho uliofichwa wa kompyuta yako na mtandao wa mbali) kwa mkono ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri), umeifunga kwenye terminali hiyo. Ukifunga dirisha, mfumo unaipelekea programu ishara iitwayo SIGHUP, ambayo kwa kawaida ni hukumu ya kifo. Programu nyingine huielewa tofauti: OpenVPN, programu mojawapo ya VPN, huichukua kuwa agizo la kusoma upya mipangilio yake na kuanza tena. Lakini hata ikinusurika haina wa kuiangalia, na kompyuta ikizimwa na kuwashwa, handaki, yaani muunganisho huo wa VPN, halitarudi lenyewe.

Wengi wakifika hapo huongeza alama ya & mwishoni mwa amri, programu ikaenda nyuma, wakadhani wameshapata huduma ya mfumo. Bado. Kwenda nyuma ni habari ya mahali programu inapokaa tu. Huduma ina mwenyewe: yupo anayeiwasha, yupo wa kuiinua ikianguka, na panajulikana malalamiko yake yanapoandikwa.

Programu inayoishi hivyo, bila terminali na bila mtu wa kuitazama, huitwa dimoni. Jina lilianza chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 1963, kwenye mradi wa Project MAC, wala halikutokana na mashetani. Lilitolewa kwa kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, aliyekaa mlangoni kati ya vyumba viwili vya gesi akichambua chembe za kasi na za polepole bila kuchoka. Herufi d mwishoni mwa majina kama sshd, crond na httpd ni ya dimoni huyo.

Zamani dimoni alijizalisha mwenyewe. Programu ilijigawa, mzazi akafa kwa makusudi, na mtoto aliyebaki yatima akalelewa na mchakato nambari 1, ule unaowashwa kwanza kabisa na keneli, kiini cha mfumo. Chaguo la daemon katika OpenVPN hufanya ujanja wa aina hiyo. Kisha ikaja systemd, programu ya kusimamia huduma, mwaka 2010, ambayo sasa ndiyo inayokalia nambari 1 kwenye Linux nyingi, ikageuza utaratibu: mlezi ni yeye tangu mwanzo, kwa hiyo programu itulie mbele ya macho yake, isijifiche. Hapa ndipo watu hukwama. Wanaacha neno daemon ndani ya faili la mipangilio, programu inajigawa, systemd inaona mchakato iliouwasha umekufa, na inaweza kuhesabu kwamba kazi imekwisha.

Kwa vitendo, faili la mipangilio huwekwa /etc/openvpn/client/ofisi.conf, kisha:

systemctl enable --now openvpn-client@ofisi

Neno enable linaagiza huduma iwake kila kompyuta inapowaka. Nalo --now linaiwasha sasa hivi. Ukitumia start peke yake, VPN itafanya kazi vizuri mpaka siku ya kuwasha mashine upya, na siku hiyo utakuwa umeshasahau. Ikikataa kuwaka, sababu hupatikana kwa journalctl -u openvpn-client@ofisi. Kuhusu kufufuka, tofautisha mambo mawili: mtandao ukikatika, OpenVPN yenyewe hujaribu kuunganisha tena; lakini mchakato wenyewe ukifa, ni systemd tu inayoweza kuuinua, na itafanya hivyo pale tu faili la huduma lina mstari kama Restart=on-failure.

Kinachosumbua zaidi, kwa maoni yangu, ni nenosiri. Dimoni hana kibodi wala skrini, kwa hiyo hana wa kumuuliza. Jina na nenosiri huandikwa kwenye faili linalotajwa na mstari wa auth-user-pass, nalo lisomwe na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, peke yake (chmod 600). Ni siri iliyolala wazi kwenye diski, hilo lazima ulikubali. Ndiyo maana cheti na funguo zake hufaa zaidi kwa dimoni, na VPN inayodai msimbo mpya wa simu kila mara haifai hata kidogo kuendeshwa hivi.

Kuna pia suala la mamlaka. Kutengeneza kiolesura cha mtandao (mlango wa kupitishia data) kama tun0 na kubadili njia za pakiti kunahitaji nguvu za root, lakini kusafirisha pakiti baada ya hapo hakuhitaji nguvu zote hizo. OpenVPN inaweza kushuka cheo na kuwa nobody, mtumiaji asiye na mamlaka. Ikishashuka haiwezi tena kusoma funguo za root wala kuunda kiolesura upya, hivyo huongezewa persist-key na persist-tun ili ivishikilie inapojianzisha tena.

WireGuard, VPN ya aina nyingine, nayo huwachanganya waliozoea haya yote. Tangu toleo 5.6 la Linux, Machi 2020, imo ndani ya keneli, kwa hiyo hakuna dimoni wa kumlea. Huduma ya wg-quick@wg0 hupanga kiolesura, huweka njia, kisha inajiondokea. Ukiuliza hali yake utajibiwa “active (exited)”, na si kosa. Kwa kuwa jibu hilo halikuambii kama upande wa pili unasikia, andika wg show uangalie mstari wa “latest handshake”: ukikosekana kabisa ilhali umeshajaribu kutuma kitu, handaki halijawahi kufunguka.