Mirabaha: wimbo ukichezwa mtandaoni, hela inahesabiwaje?

Mirabaha ni malipo anayopata mwenye kazi ya sanaa kila kazi hiyo inapotumiwa na wengine. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni faida. Si mshahara, wala si bei ya kuuza kazi jumla. Wimbo unabaki kuwa wako; umeruhusu tu utumike, na matumizi hayo ndiyo yanayolipiwa.

Enzi za kaseti hesabu ilikuwa nyepesi, angalau kwenye karatasi. Msambazaji wa Kariakoo akitoa kaseti elfu tano, msanii alijua adai ngapi. Mwizi naye alijulikana: mwenye deki mbili chumbani, anayedurufu usiku kucha. (Wengi waliuza masta, yaani rekodi halisi, kwa hela ya mkupuo na mirabaha wakaisikia tu redioni, lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Intaneti haikufuta hakimiliki. Sheria ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, hata kama hakuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi. Kilichobadilika ni kinachouzwa. Mwaka 1999 huko Marekani ilizuka Napster, watu wakawa wanapeana nyimbo bure kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kesi zikaizima 2001, ila nakala ilikuwa imeshapoteza thamani. Leo msikilizaji analipa kiingilio cha jukwaa la mtandaoni. Akishaingia, anasikiliza anachotaka.

Hapo ndipo wengi tunapopotea, maana wimbo kuchezwa mara moja hakuna bei maalumu. Jukwaa kama Spotify, lililofika Kenya na Tanzania 2021, hukusanya ada na fedha za matangazo, hubakiza takriban theluthi moja, kisha zilizobaki huingia kwenye kapu la wenye haki. Tuseme kapu la mwezi lina shilingi milioni 10, na nyimbo zote zimechezwa mara milioni 2. Wako umechezwa mara 2,000: fungu lako ni shilingi 10,000. Mwezi unaofuata kapu ni lilelile, lakini nyimbo zote zimechezwa mara milioni 4. Mara 2,000 zako sasa ni shilingi 5,000. Hujakosea kitu, wala mashabiki hawajakukimbia. Hata yule aliyekusikiliza wewe peke yako mwezi mzima, ada yake imemwagwa kapuni, na sehemu kubwa inawafuata wenye nyimbo zinazovuma. Tena tangu 2024, Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12.

Na fungu hilo si la mwimbaji peke yake. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, na kuna haki ya rekodi. Aliyelipia studio anaweza kumiliki ya pili bila kutunga hata mstari mmoja.

Kenya walijaribu kubana mgawo kisheria kwenye miito ya simu, yaani nyimbo anazosikia mpigaji akisubiri simu ipokewe. Marekebisho ya 2022 yanasema mwenye kazi asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu isizidi 39.5, na wa katikati, anayewaunganisha hao wawili, asizidi 8.5. Ni hatua kubwa, sibishi. Ila idadi ya miito iliyonunuliwa, ambayo ndiyo inayogawanywa, inatoka kwenye mitambo ya kampuni ileile inayolipa.