Kazi ya saa mbili inayokaa mwezi mzima kwenye droo

Mtumishi amerudi kutoka safari ya kikazi Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi anaweka bahasha ya risiti kwenye droo, pamoja na taarifa ya safari aliyoiandika kichwa cha habari tu. Kurejesha masurufu, yaani kutoa hesabu ya fedha alizopewa za safari, ni kazi ya saa mbili. Mwezi unakatika, naye anaiahirisha tu. Akija kuifungua ile bahasha, risiti za EFD (mashine za kielektroniki za kutolea risiti) zimeshafifia, maana karatasi ile haihimili joto, na tarehe hazisomeki. Sasa ana kazi mbili: kurejesha masurufu na kuandika barua ya kujieleza.

Kanuni anazijua. Kwa watumishi wa halmashauri hapa Tanzania, Memoranda ya Fedha ya Serikali za Mitaa ya 2009 inataka masurufu yarejeshwe ndani ya siku 14 baada ya shughuli kumalizika. Wenzetu wa Serikali ya Kenya, kwa kanuni zao za fedha za 2015, wana siku 7 tu za kazi, na anayechelewa hukatwa mshahara pamoja na riba. Hata hivyo, masurufu yasiyorejeshwa yamekuwa hoja ya kawaida katika taarifa za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kwa hiyo semina nyingine ya kukumbushana kanuni haitatufikisha mbali.

Maofisini mtu huyu huitwa mvivu. Sikubaliani. Siku ileile aliyoifungia bahasha kwenye droo alipanga majalada, akajibu barua pepe zilizolala na kumsaidia mwenzake kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Mvivu gani huyo? Alichokikwepa ni kitu kimoja tu ndani ya ile bahasha: hakuomba risiti ya teksi, na anaogopa atakavyoulizwa.

Mwaka 2013 wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza jambo hili vizuri: kuahirisha ni namna ya kutuliza moyo kwa wakati huu, na gharama tunamwachia mtu tutakayekuwa kesho. Kazi inapoleta wasiwasi, aibu au uchovu wa akili, kuisogeza kando kunaleta nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayotufanya turudie. Wapo wanaojisifu kwamba wao hufanya vizuri wakibanwa. Utafiti wa Dianne Tice na Roy Baumeister wa 1997 kwa wanafunzi wa chuo unasema vingine: mwanzoni mwa muhula waahirishaji walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao, lakini mwishoni waliwazidi kwa msongo na kuugua, na alama zao zilikuwa za chini.

Ndiyo maana kununua shajara mpya kila Januari husaidia kidogo sana. Anza kwa kujiuliza ni nini hasa kinachokukera katika kazi hiyo. Ukishakijua, kishughulikie chenyewe kwanza. Mwenye risiti pungufu aende kwa mhasibu leo, hata kabla ya kugusa fomu, amweleze ukweli na kumuuliza aandike nini.

Kisha acha ahadi za "wiki hii nitalimaliza". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango hushika zaidi ukifungwa kwenye tukio ambalo litatokea tu: "Kesho nikishasaini mahudhurio, kabla sijafungua WhatsApp, napanga risiti kwa tarehe." Hapo hujaahidi kumaliza, umeahidi kuanza.

Wakuu wa idara nao wana sehemu yao, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko wanavyokiri. Dan Ariely na Klaus Wertenbroch, katika utafiti wa 2002, waliona kwamba watu waliopangiwa tarehe kadhaa zilizoachana sawasawa walifanya vizuri kuliko waliopewa tarehe moja ya mwisho. Kumwambia mtu "nataka ripoti kabla ya tarehe 30 Juni" ni kumruhusu aianze tarehe 28. Omba rasimu ya ukurasa mmoja mwezi Aprili. Ikija na makosa, irekebishe bila kumfokea mtu mbele ya wenzake, kwa sababu anayeaibishwa kwa rasimu hatakuletea nyingine mapema.

Kuna jambo moja ambalo mabosi wengi hulikunjia uso. Utafiti wa Michael Wohl na wenzake wa 2010 uliona kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha kujiandaa na mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha walipofika wa pili. Kujilaumu huongeza uzito wa kazi ileile unayoikimbia.

Si kila ucheleweshaji ni wa aina hii. Jalada linalosubiri saini ya mkubwa si kosa lako, na mtu aliyebebeshwa kazi za watu watatu anahitaji wenzake wa kumsaidia. Lakini ukiona hata mambo unayoyapenda huyagusi, usingizi umevurugika na moyo umekuwa mzito kwa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya ukaonwe. Inawezekana ni sonona, na sonona inatibika.