Kura ya New York na vichochoro vya Mukuru

Julai 28, 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kwamba maji safi na usafi wa mazingira ni haki ya kila binadamu. Nchi 122 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 41 hazikuegemea upande wowote. Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa hizo 41. Agosti 27 mwaka huohuo, Kenya ikazindua katiba mpya ambayo kifungu cha 43 kinaitaja haki hiyo waziwazi. Ya New York yaliamuliwa na mabalozi. Ya Nairobi wananchi walikuwa wameyadai kwa miaka mingi. Hata azimio lenyewe liliwasilishwa na Bolivia, ambako wakazi wa Cochabamba waliandamana mwaka 2000 hadi kampuni ya kigeni iliyokabidhiwa maji yao ikaondoka.

Mimi ni mpangaji miji, na majitaka ndiyo kazi yangu. Naamini asasi za kiraia hubadilisha sera pale zinapoleta hesabu ambayo serikali haina.

Chukua Mukuru, mtaa wa mabanda karibu na Eneo la Viwanda, Nairobi. Maji huko huuzwa kwa mtungi, na ukikokotoa bei kwa lita, wa kibandani hulipa zaidi ya mwenye bomba nyumbani. Mipira inayoyaleta hupita ndani ya mitaro. Presha ikishuka, mpira wenye tundu hufyonza uchafu, na maji yakirudi, uchafu ndio unaotangulia mtungini. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao hawakuishia kulalamika. Wakazi walihesabu kaya, vyoo na vioski vya maji, vyuo vikuu vikasaidia kuchambua. Agosti 2017 kaunti ikatangaza Mukuru, yenye kaya zaidi ya 100,000, kuwa eneo maalum la mipango, yaani eneo linalopangwa kwa utaratibu wake lenyewe. Mashauriano yakaanzia kwenye vikundi vya kaya 10. Upana wa barabara ukajadiliwa upya, maana kufuata viwango vya kawaida kungewahamisha watu wengi mno. Kwa majitaka likachaguliwa bomba jembamba lisilozikwa kina kirefu, linaloweza kupita kichochoroni bila kuvunja kuta.

Hata hivyo, tangazo hilo halikuwakinga wakazi wote: mwaka 2021 matingatinga yalibomoa maelfu ya nyumba Mukuru kwa Njenga. Iliniuma sana.

Kimataifa, hoja ambayo asasi zetu ziishupalie sasa ni choo cha pamoja. WHO na UNICEF, zinapopima huduma za usafi duniani, huweka choo kinachotumiwa na kaya zaidi ya moja chini ya daraja la msingi, hata kiwe na mlango, taa na maji. Kwenye ploti za Nairobi, ambako kaya nyingi hupanga vyumba ndani ya kiwanja kimoja, hakuna nafasi ya choo kwa kila chumba. Kwa kipimo hicho, choo cha kaya 4 kinachosafishwa kila siku huangukia kundi moja na kile kinachogombaniwa na kaya 60 kila alfajiri. Bajeti hufuata kipimo. Kipimo kihesabu pia idadi ya kaya, usafi na kufuli, na wakazi wa ploti hizo wawepo kinapoandikwa.