Je, wajua kwa nini tufe hupotea njia taa za ukumbi wa bolingi zikizimwa?

Usiku ukiingia, kumbi nyingi za bolingi huzima taa kubwa. Dari hubaki na taa za zambarau, muziki hupandishwa, na mwisho wa kila njia pini kumi huwaka kana kwamba zimewashwa kwa ndani. Hapo ndipo mchezaji aliyekuwa akiangusha pini saba au nane kwa kila tufe anapoanza kulipeleka mferejini, pembeni mwa njia. Njia ni ileile, mafuta yanayopakwa juu yake ni yaleyale, mkono ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba mwanga sasa unaangaza mahali usipopaswa kulenga, na unaficha mahali unapopaswa.

(Bolingi tunayoisema ni ya kuviringisha tufe zito kuangusha pini, si bolingo ya nyimbo za Kilingala, ingawa muziki haukosekani kwenye zote mbili.)

Taa hizo za zambarau, ambazo wenyewe huziita taa nyeusi, hutoa zaidi miale ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu halioni. Ile zambarau hafifu unayoiona ni kiasi kidogo tu kinachovuja. Kitu chenye kemikali za kung'aa humeza miale hiyo na kuirudisha ikiwa mwanga unaoonekana. Ndivyo ilivyo plastiki inayofunika pini. Ndivyo ilivyo fulana nyeupe, kwa sababu sabuni nyingi za unga huwekewa viangazi ili nguo ionekane nyeupe zaidi. Hata soda ya toniki huwaka samawati, maana ina kwinini, ileile chungu iliyotumika kutibu malaria. Rangi za kung'aa za aina hii ziliundwa na ndugu wawili wa California, Bob na Joe Switzer, miaka ya 1930. Kwenye bolingi zilienea miaka ya 1990, kampuni ya Brunswick ya Marekani ilipouza mpangilio mzima wa taa na muziki kwa jina la Cosmic Bowling.

Sasa angalia ni vitu gani having'ai. Mbao za njia haziwaki. Nukta za kwenye sakafu unapopigia hatua haziwaki. Mishale saba iliyochorwa mbele ya mstari wa faulo (ule ambao mtupaji haruhusiwi kuuvuka), mara nyingi kwa rangi nyeusi au ya kahawia, nayo hupotea kabisa. Baadhi ya kumbi zimeweka mishale inayong'aa, na ukiikuta, nusu ya shida yako imekwisha. Kwingineko jicho linaona pini peke yake, na jicho siku zote hukimbilia kinachowaka.

Hesabu ya ubao mmoja

Kutoka mstari wa faulo hadi pini ya kwanza ni futi 60, yaani mita 18.29. Upana wa njia unazidi mita moja kidogo tu, nao umegawanywa katika mbao 39, kila ubao kama sentimita 2.7. (Siku hizi njia nyingi ni za plastiki ngumu iliyochapwa mistari ya mbao, lakini hesabu ni ileile.) Mishale huanza kama futi 12 mbele ya mstari na kuishia karibu futi 16, ikiwa kwenye ubao wa 5, 10, 15, 20, 25, 30 na 35. Anayetumia mkono wa kulia huhesabu kuanzia kulia, wa kushoto kuanzia kushoto.

Wazoefu hulenga mshale, hawalengi pini, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: ni rahisi kupitisha kitu juu ya alama iliyo mita nne na nusu kuliko kukifikisha kwenye alama iliyo mita kumi na nane. Lakini kosa dogo kwenye mshale hukua. Ukikosea ubao mmoja kwenye futi 15, tufe linalokwenda moja kwa moja litakuwa limekosea mbao nne likifika kwenye pini, karibu sentimita 11.

Mbao nne ni nyingi. Mahali pazuri pa kugonga ni mfukoni, kati ya pini ya 1 na ya 3 kwa anayetumia kulia (ya 1 na ya 2 kwa kushoto; ya 1 ni ile ya mbele kabisa, na nyingine huhesabiwa safu kwa safu kutoka kushoto), na kituo chake ni kama ubao wa 17 na nusu. Toka hapo mbao nne kwenda kulia na tufe litapita pembeni mwa pini ya kwanza bila kuigusa. Nenda mbao nne kushoto na utaipiga upande wa pili. Hiyo ndiyo tofauti kati ya straiki, yaani kuangusha pini zote kwa tufe moja, na pini tano zinazokutazama.

Basi mtu aliyepoteza mishale gizani akalenga pini amejipa kazi ngumu zaidi bila kujua. Wengine hujaribu kulenga zile nukta zilizo futi 6 hadi 8 mbele ya mstari, kwa kuwa ziko karibu na huonekana vizuri zaidi. Inasaidia, ila ujue bei yake: ubao mmoja wa kosa kwenye futi 7 ni zaidi ya mbao nane kwenye pini. Nukta za karibu zitumie kama alama ya pili, ya kuthibitisha mstari unaoelekea kwenye mshale, na usizitegemee zenyewe isipokuwa mishale haionekani hata kidogo.

Dawa iliyo bora kuliko zote ni kufika kabla taa hazijazimwa. Dakika 15 za kutupa kwenye mwanga kamili zinatosha kukupa namba mbili za kukariri: ubao wa mguu na ubao wa mshale. Kama huna namba zako, anza na hizi kwa mkono wa kulia na tufe lisilopinda. Ukingo wa ndani wa kiatu cha kushoto umalizie kwenye ubao wa 20, ambao ni ile nukta kubwa ya katikati. Tufe hutua mbao sita hivi kulia kwa mguu, yaani karibu ubao wa 14. Lipitishe juu ya mshale wa tatu, ubao wa 15, nalo litaendelea hadi karibu na 17 na nusu. Mtupaji wa kushoto afanye hayohayo akihesabu kutoka upande wake. Tufe linalopinda linahitaji mstari mwingine, na huo ndio wa kuutafuta taa zikiwa bado zinawaka.

Giza likishaingia, mishale huweza kuonekana kwa hila ndogo. Taa za juu ya pini huakisiwa kwenye mafuta ya njia na kuchora ukanda unaometa. Simama nyuma ya mstari, sogea hatua nusu kushoto au kulia, inama kidogo, hadi ukanda huo upite juu ya mishale. Itaonekana kama madoa meusi ndani ya mng'ao. Ukishaiona, usiondoe macho hapo hadi tufe lipite. Hapa ndipo wengi hushindwa, hasa wakitumia tufe linalong'aa: macho huliangalia mkononi, bega hufuata macho, na mstari umeshapotea. Ukiwa na hiari, chukua tufe jeusi.

Jicho lenyewe lina matatizo yake

Ukutani mwa nyuma wa jicho, yaani kwenye retina, kuna seli za aina mbili: koni, zinazoona rangi na mambo madogomadogo, na vijiti, vinavyoona kwenye mwanga hafifu. Koni huzoea giza kwa dakika kama 10, vijiti kwa dakika 20 hadi 30. Ukumbi wa taa za zambarau hauna giza totoro, kwa hiyo unatumia zote mbili, kila moja ikifanya kazi nusu. Ukitazama skrini ya pointi inayowaka juu ya kichwa chako, au simu, halafu ukasimama kutupa, umerudisha saa nyuma. Soma pointi mapema, kisha tazama sakafu sekunde kumi hivi kabla ya kubeba tufe.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulilaumu moshi wa disko bure. Lenzi ya jicho la binadamu nayo hung'aa kidogo ikipigwa na urujuanimno, ikatandaza ukungu mwembamba mbele ya kila kitu. Tena mwanga wa zambarau hupinda zaidi kuliko wa kijani au mwekundu, hivyo hukusanyika mbele ya retina na kingo za vitu huonekana zimetawanyika. Wenye shida ya kuona mbali hulihisi zaidi. Kama umeandikiwa miwani, ivae hata kama mchana huwa unaivumilia kuikosa. Lenzi za plastiki ya polikaboneti huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno na ukungu hupungua. Miwani ya jua usiifikirie.

Pini nazo hudanganya. Kitu kinachotoa mwanga wake chenyewe hakina kivuli upande mmoja, na bila kivuli jicho hupoteza umbo na umbali. Pini ya 8 iliyosimama nyuma ya pini ya 2 hutoweka kabisa. Unaona moja, unatupa polepole kwa ajili ya moja, na ya nyuma inabaki imesimama. Ukibakiza pini, usiamini macho. Angalia kwenye skrini au kwenye taa za pembetatu juu ya pini ni zipi zilizosalia, kisha rudi kwenye alama zako. Kwa speya (kumalizia pini zilizobaki kwa tufe la pili) za upande wa kushoto, mtupaji wa kulia ashike mshale wake uleule wa straiki na asogeze miguu kulia: mbao 3 kwa pini ya 2, mbao 6 kwa ya 4, mbao 9 kwa ya 7. Namba hizi hazihitaji mwanga wowote, na ndiyo raha yake.

Miguu, tufe na mafuta

Njia hupakwa mafuta kuanzia karibu na mstari wa faulo, mengi zaidi katikati. Kwenye mwanga wa kawaida unauona mstari na unasimama. Gizani unauvuka, soli inagusa mafuta, na mguu unaondoka peke yake. Kengele ya faulo mara nyingi huwa imezimwa usiku wa burudani, kwa hiyo usitegemee kuonywa. Pima mwenyewe: simama ukiupa mgongo mstari, visigino kama sentimita tano kabla yake, tembea hatua nne na nusu za kawaida, geuka. Hapo ndipo pa kuanzia kwa mtindo wa hatua nne. Nusu ya mwisho ni nafasi ya kuteleza.

Vinywaji ni hatari ya kinyume. Tone la soda kwenye sakafu halionekani chini ya taa hizi, na kiatu chenye unyevu hakitelezi, hukwama ghafla mwili ukiendelea mbele na tufe mkononi. Kabla ya zamu yako telezesha mguu mara moja sakafuni ukiwa mikono mitupu. Ukisikia unang'ang'ania, futa soli kwa taulo kavu. Kamba nyeupe za viatu, kwa bahati nzuri, zitakuonyesha mguu wako umetua wapi.

Tufe lichague kwa namba iliyochongwa, usichague kwa rangi. Matufe mawili ya kijani yanayowaka sawasawa yanaweza kuwa moja la ratili 10, kama kilo 4.5, na jingine la ratili 14, zaidi ya kilo 6. Papasa namba kwa kidole kama huioni. Kidole gumba kiingie chote na kizunguke kikigusa kingo bila kubanwa. Cha kati na cha pete viingie hadi kwenye viungio vyao bila mkono kuvutwa. Tundu la gumba likipwaya utalikaba tufe ili lisidondoke, na tufe lililokabwa huchelewa kutoka na kwenda lisikotumwa.

Halafu kuna muziki. Mdundo wa kasi huvuta miguu, hatua ya tatu inaikimbiza ya pili, na mkono uliozoea mwendo wake unabaki nyuma. Hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, teleza. Tufe linalokwenda kilomita 27 kwa saa huchukua kama sekunde mbili na nusu kufika kwenye pini, na kumbi nyingi huonyesha kasi kwenye skrini. Kama kasi yako imepanda kilomita tatu au nne tangu taa zizimwe na tufe lako la kupinda limeacha kupinda, usihame ubao hata mmoja. Punguza miguu kwanza, kisha utupe mara mbili zaidi kabla hujaamua kuwa mafuta ndiyo yamehama.