Namba tasa kati ya 80 na 120: usizijaribu moja moja

Swali hili hujirudia kwa sura ileile: taja namba shufwa, witiri na tasa zilizo kati ya 80 na 120. Shufwa (zinazogawanyika kwa 2 bila baki) na witiri (zisizogawanyika hivyo) hazimsumbui mtu. Tazama tarakimu ya mwisho, basi. Wengi hukwama kwenye tasa. Huishika 81 wakaigawa kwa 2, kwa 3, kwa 4, hadi wachoke, kisha wakahamia 82. Kwa mwendo huo jua litazama hawajafika 100.

Kwanza mipaka. Je, 80 na 120 zenyewe zimo? Zikiwemo, shufwa ni 21 na witiri ni 20. Zikiachwa nje, shufwa hubaki 19, ila witiri ni zilezile 20. Huna haja ya kuziorodhesha: chukua shufwa ya mwisho, toa ya kwanza, gawanya kwa 2, ongeza 1. Hiyo 1 ndiyo husahaulika.

Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Moja imeachwa nje kwa makusudi. Tukiiita tasa, 12 haitakuwa tena na njia moja tu ya kuandikwa kama zao la tasa, 2 × 2 × 3, kwa kuwa yeyote ataweza kubandika × 1 mara apendazo.

Sasa geuza kazi. Badala ya kuuliza kila namba kama ni tasa, futa zile ambazo haziwezi kuwa tasa. Ndiyo njia ya Eratosthenes, Mgiriki aliyesimamia maktaba ya Alexandria katika karne ya 3 KK, na hadi leo sijaona iliyo bora kwa mtu mwenye kalamu na karatasi. Jambo la kuamua ni lini uache kufuta, na hapo mpaka wa juu ndio unaokujibu. Namba isiyo tasa ni zao la namba mbili kubwa kuliko 1. Kama zote mbili ni 11 au zaidi, zao lake halipungui 121. Kwa hiyo kila namba isiyo tasa hadi 120 lazima igawanyike kwa 2, 3, 5 au 7. Tasa nne tu!

Futa shufwa zote na zinazoishia na 5. Zinabaki 16. Kwa 3, jumlisha tarakimu, na jumla ikigawanyika kwa 3, futa namba hiyo: 81, 87, 93, 99, 111 na 117 zinaondoka. Kwa 7 zinaondoka mbili tu, 91 na 119, nazo ndizo hudanganya watu wengi kwa sababu sura yake ni ya tasa kabisa. Ila 91 ni 7 × 13, na 119 ni 7 × 17. Zilizosalia ni 83, 89, 97, 101, 103, 107, 109 na 113. Nane, na huhitaji kuzihakiki tena.

Kama swali linataka pia namba za mraba, tafuta vipeuo: 9 × 9 ni 81, 10 × 10 ni 100, na 11 × 11 imeshavuka mpaka.

Sogeza mipaka kidogo, sema 114 hadi 126, uone kinachotokea. Sasa 121 imo ndani, na 2, 3, 5 na 7 zote haziigusi. Anayesimama kwenye 7 ataiandika kuwa tasa. Ongeza 11 kwenye orodha yako, nayo inafutika. Baada ya hapo hakuna kilichobaki, kwa kuwa tasa inayofuata 113 ni 127. Andika "hakuna" bila wasiwasi.